Mdogo Wangu, Kamera Yako Haijafa

Haya, futa machozi kwanza, tuzungumze. Barua yako nimeisoma, na za wenzako nimezisoma pia, maana kilio cha kamera siku hizi hakikauki kwenye kona hii. Mmoja analia na madoa meusi yanayojitokeza kwenye kila picha yenye anga. Mwingine anasema kamera yake haioni vizuri, kila kitu ukungu mtupu. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenitia huruma, ameshamtafuta mtu wa kuichukua kwa bei ya kutupa kwa sababu akibonyeza haifyatui, "imekufa". Nyote mmeandika kwa sauti ya wafiwa. Mimi dada yenu nawaambia, msiweke matanga bado.

Najua kinachowauma. Mtu amejinyima, amecheza upatu, zamu yake ilipofika akanunua kamera ya mtumba ya lenzi za kubadilisha. Nyumbani walisema fedha hizo zingenunua friji. Sasa picha inatoka na doa, na kabla hajalitazama doa lenyewe anaisikia sauti ya baba mdogo: "Si tulikwambia?" Aibu hiyo, mdogo wangu, imeharibu kamera nyingi kuliko vumbi. Mwenye aibu haulizi. Anajifungia chumbani na bisibisi.

Basi bisibisi irudishe kwenye droo, tena sasa hivi, nitasubiri. Kamera yenye flashi yake yenyewe ina kapasita ndani, na kapasita hiyo huhifadhi umeme unaokaribia volti 300 kwa ajili ya ule mmuliko mmoja. Ukiizima kamera, umeme hauondoki papo hapo. Hata ukiitoa betri, bado unaweza kuwemo. Kijana anafungua mfuniko kutafuta vumbi, kidole kinagusa pasipogusika, anarushwa, kamera inaanguka sakafuni. Hapo ndipo anapokuwa na kamera mbovu ya kweli, na mkono unaotetemeka juu yake. Fundi anajua kuumaliza umeme huo kabla hajagusa kitu. Wewe hujui, na kutojua hakukupunguzii heshima.

Nianze na wewe mpenda machweo. Umeandika kwamba jua limeiunguza sensa, kwamba madoa yapo palepale kwenye kila picha ya baharini, lakini eti kwenye picha za send-off ya dada yako hayakuonekana hata moja. Soma tena sentensi yako mwenyewe. Kama sensa ingeungua, ingeungua kwa bahari na kwa harusi pia. Kitu kilichobadilika ni namba ya f. Ndani ya ukumbi mwanga ulikuwa haba, ukafungua lenzi hadi f/1.8. Ufukweni mwanga ulikuwa tele, ukaibana hadi f/16 au f/22. Na vumbi la sensa lina tabia hiyo hasa: lenzi ikiwa wazi linajificha, ikibanwa linajitokeza. Punje haijakaa kwenye sensa yenyewe, imekaa juu ya kioo chembamba kilicho mbele yake, na kila punje inaangusha kivuli kidogo. Ni kama kivuli cha mkono wako ukutani: penye koroboi moja ndogo kina kingo kali, lakini chini ya mwanga mpana wa mlango ulio wazi kinafifia usikione. Tundu dogo la lenzi ni hiyo koroboi.

Ukitaka kuhakikisha, weka f/16, ISO 100, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe au anga isiyo na mawingu, zima fokasi ya yenyewe, uzungushe lenzi hadi ukuta uwe ukungu kabisa. Piga. Itikise kamera kidogo wakati inapiga, haidhuru, ukuta ndio utakaovurugika na vumbi litabaki limesimama. Kisha badilisha lenzi, au azima ya rafiki, upige tena. Doa likibaki palepale, liko upande wa kamera. Likihama au kutoweka, lilikuwa kwenye lenzi, tena kwa kawaida upande wake wa nyuma, maana punje iliyo mbele kabisa ya lenzi haiwezi kuchora doa namna hiyo. Ikizidi sana itapunguza ung'avu tu. Na kama doa unaliona unapochungulia kwenye tundu la kutazamia lakini kwenye picha halimo, hilo limekaa kwenye kioo cha juu cha kutazamia. Haliingii katika picha zako. Liache.

Nikisema vumbi, najua mkono wako umeshakwenda kwenye kitambaa cha miwani. Uondoe. Anza na menyu: kamera nyingi za sasa zina amri ya kujisafisha, sensa inatetemeshwa na punje nyepesi zinadondoka. Iendeshe mara kadhaa. Isiposaidia, chaji betri ijae, ingia sehemu ya kusafishia kwa mkono ili kioo cha kuakisi kipande na shata ifunguke, inamisha kamera mdomo ukiangalia chini, upulize kwa ule mpira wa upepo wanaouza wenye vifaa vya picha. Usipulize kwa kinywa chako, mate hayakuombi ruhusa. Usitumie kopo la hewa ya kusafishia kompyuta, linaweza kutema majimaji ya gesi yakagandia kiooni. Betri nasema ijae kwa sababu ikikata katikati ya kazi, kioo na shata vinajifunga juu ya chochote ulichoingiza humo. Kumbuka pia picha huingia kichwa chini, kwa hiyo doa lililo juu ya picha, punje yake iko chini ya sensa. Likigoma kutoka, limenata. Hilo ni la fundi na vijiti vyake vya kufutia, siyo la pamba ya masikioni.

Sasa niseme lililonikera kidogo, maana nikiwabembeleza tu nitakuwa si dada. Umeniandikia pia kwamba tangu doa lionekane humsemeshi mdogo wako wa kike, kwa sababu aliazima kamera kwenda kwenye mahafali. Mwanangu! Vumbi linaingia kila unapobadilisha lenzi, na wewe umebadilisha lenzi ufukweni, upepo wa kusi unavuma, kamera mdomo juu. Huyo binti hata hajui lenzi inatokaje. Umemvunjia mtoto wa watu moyo kwa punje usiyoiona kwa jicho. Mwombe radhi, wala usimzungushe kwa maneno ya "sikuwa na maana hiyo". Na siku nyingine ukibadilisha lenzi, zima kamera, upe upepo mgongo, mdomo wa kamera uangalie chini, lenzi ya pili iwe tayari mkononi.

Wewe wa ukungu sasa. Nimekuuliza kwa barua: ukungu uko kwenye picha, au uko pale unapochungulia? Ukajibu "kotekote", halafu baadaye ukasema ukizitazama picha kwenye kompyuta ziko safi. Basi kamera haina neno. Pembeni ya tundu la kutazamia kuna kigurudumu kidogo sana, mara nyingi kina alama za kuongeza na kutoa. Hicho ni cha kurekebisha tundu lifuate macho ya mwenye kamera. Kikisugua mkobani kinageuka chenyewe. Kizungushe taratibu huku ukiangalia zile namba zilizo chini ya tundu, usiangalie mandhari. Namba zikisomeka vizuri, umemaliza. Watu wamelipa fundi kwa jambo hili, na fundi asiye mwaminifu huchukua kamera siku kadhaa, akazungusha kigurudumu, akaandika ankara.

Lakini ukungu ukiwa ndani ya picha, hapo tukae kidogo. Tazama swichi ya pembeni ya lenzi, ile yenye AF na MF. Ikiwa kwenye MF, kamera imekuachia wewe kazi ya kulenga, nayo inakungoja. Tazama pia umbali: kila lenzi ina mwisho wake wa kusogelea kitu, na lenzi ya kawaida ya milimita 50 ukiiweka kiganja kimoja kutoka kwenye ua haitalishika ua hilo hata uisomee dua. Kisha kasi. Ukipiga kwa mkono, desturi ya zamani ni kwamba kasi isipungue moja chini ya urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 200, kasi 1/200 au zaidi. Desturi hiyo inahusu mkono wako tu. Mtoto anayecheza anahitaji kasi kubwa kuliko hiyo, hata kamera ingefungwa kwenye mwamba.

Na kuna wale waliosikia kwamba namba kubwa ya f huleta picha kali kuanzia mbele hadi nyuma, wakahamia f/22 moja kwa moja. Dawa ikizidi, mdogo wangu, huwa sumu. Tundu likiwa dogo mno, mwanga wenyewe unasambaa ukipita kingoni mwake na picha nzima inalainika. Rudi f/8, piga kitu kilekile, kamera ikiwa juu ya stendi, ulinganishe. Utaniandikia barua ya furaha.

Umeona ninavyofanya? Nabadilisha kitu kimoja, mengine yote nayaacha kama yalivyo. Nyinyi mkitaharuki mnabadilisha lenzi, kadi, kasi na mahali kwa pamoja. Picha ikitengemaa hamjui kilichoitengeneza, ikizidi kuharibika hamjui kilichoiharibu. Haraka haraka haina baraka. Ugonjwa ukifuata lenzi, ni wa lenzi. Ukifuata kadi, ni wa kadi. Ukibaki na kamera hata ukiivika vingine vyote, hapo ndipo unaruhusiwa kuwa na wasiwasi, na hata hapo kwanza irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani kupitia menyu, maana huenda uliiacha kwenye mpangilio wa kupunguza mwanga tangu harusi ya mwezi uliopita, ndiyo maana kila picha ni giza.

Msione haya, hata wakubwa wamepitia. Darubini ya Hubble ilirushwa angani mwaka 1990, na picha zake za mwanzo zikatoka na ukungu. Kioo chake kikubwa kilisuguliwa vibaya kwa kiasi cha kama mikroni 2 pembeni, kidogo kuliko unene wa unywele mara nyingi sana. Sababu ilikuwa kifaa cha kupimia: kilifungwa kwa kasoro ya milimita 1.3, na waliosugua kioo wakakiamini. Vipimo vingine vilikuwa vimeonyesha kuna tatizo, vikapuuzwa. Desemba 1993 wanaanga walipanda na chombo cha Endeavour, wakaifungia vifaa vya kurekebisha macho yake, na picha zikawa safi. Kwa hiyo kipimo cha pili kikikataa kukubaliana na cha kwanza, usikinyamazishe.

Na wewe unayetaka kuiuza. Umesema kwenye skrini kumetokea herufi FEE, tangu siku uliyovisha lenzi ya mtumba uliyoipata kwa bei nzuri. Kamera yako ni Nikon, lenzi ni ya zamani yenye pete ya namba za f. Kamera inataka pete hiyo uizungushe hadi namba kubwa kuliko zote, mara nyingi imeandikwa kwa rangi ya machungwa, kisha uifunge kwa kile kitufe chake kidogo. Baada ya hapo tundu litaendeshwa na kamera yenyewe. Ni hilo tu. Mpigie huyo mnunuzi umwambie biashara imekwisha, akikasirika akasirike.

Wengine ambao kamera haifyatui, angalieni kadi ipo ndani na kile kiswichi cha kufungia kadi hakijashuka, mlango wa kadi na wa betri umefungwa hadi ukalia, na kamera haikuwekwa kwenye kusubiri sekunde 10. Ikiwa inalalamika kuhusu lenzi, ivue, futa vile vidoti vya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, uivishe tena. Mnaopiga nyota usiku, mkiacha shata wazi sekunde 30 halafu kamera ikagoma kwa sekunde nyingine 30, haijaganda. Inapiga picha ya giza ndani kwa ndani ili iondoe chenga za rangi. Ngojeni. Kuitoa betri hapo ni kujitafutia.

Taa pia zinawasumbua. Huku kwetu umeme unakwenda kwa hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu na baadhi ya taa za LED zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona, hasa ile inayopiga kimyakimya bila shata ya kawaida: picha inajaa mistari ya giza na mwanga. Rudi kwenye shata ya kawaida, kasi 1/50 au 1/100, mistari itapungua au kuondoka. Nusu ya picha ikiwa nyeusi unapotumia flashi, shusha kasi hadi 1/200 au chini yake. Na yule aliyepiga Forodhani usiku akakuta taa za kijani zinaelea juu ya watu, akaambiwa ni majini ya Unguja, mdogo wangu, vua kile kioo cha bei poa ulichokifunga mbele ya lenzi. Mwanga unagonga sensa, unarudi kwenye kioo, unarudi tena ndani, ndiyo maana kila taa ina pacha wake upande wa pili wa picha, kichwa chini.

Wa pwani nawaomba msogee karibu zaidi, kwa sababu adui yenu ni wa kweli na hana haraka. Mombasa, Tanga, Dar, Unguja, hewa imelowa. Mkifungia lenzi kwenye mkoba wa ngozi uliojaa unyevu, juu ya kabati, miezi ikapita, ndani ya vioo huota kuvu, nyuzi nyembamba kama utando. Mwanzoni picha hazionyeshi kitu. Baadaye zinapauka, hasa ukielekea mwanga. Washa tochi upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili kwa mshazari, utaziona. Kuvu ikikomaa inakula hata ule utando wa rangi uliopakwa juu ya kioo, na hakuna fundi wa kuurudisha. Kwa hiyo tumieni kamera zenu, zipate hewa. Zihifadhini kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vipakiti vya silika, unyevu ubaki chini ya asilimia 60. Mchele hapana; unatoa vumbi, na wali wenyewe tutakula nini. Mkitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acheni kamera mkobani, imefungwa, nusu saa au zaidi, ipate joto taratibu. Ule ukungu unaouona ukiitoa ghafla ni maji ya hewa yameganda juu ya kioo baridi. Unaondoka wenyewe, lakini ukiyafuta na kubadilisha lenzi hapohapo unayakaribisha ndani.

Siwadanganyi kwamba kila kitu ni kigurudumu na swichi. Kamera iliyodondoka, ikawa inakwaruza, ni mgonjwa. Kipande cha picha kikiwa cheusi kwa kila kasi, na flashi hukutumia, huenda jani la shata limechoka. Kamera nyingi ndogo za kioo shata zake zimepimwa kudumu kama mafyatuo 100,000, na ya mtumba hujui imeshafyatua mangapi. Iliyoingia maji ya chumvi usiiwashe hata kidogo kutazama kama iko hai. Toa betri, toa kadi, nenda kwa fundi siku hiyohiyo, kwa sababu chumvi haingoji mwisho wa mwezi. Picha zilizopotea kwenye kadi mpya ya bei ya ajabu, nazo mara nyingi ni kadi ya uongo, imeandikwa gigabaiti nyingi na ndani mna kidogo. Ikijaa, inafuta za zamani kimyakimya. Rahisi ghali. Kadi ya kupigia harusi ya mtu usiinunue barabarani.

Ukienda kwa fundi, nenda na picha mbovu mbili na nzima moja. Mwambie ulichojaribu. Muulize bei kabla hajafungua, na mwambie utahitaji kukiona kifaa atakachokitoa. Fundi mzuri hatachukia maswali hayo.

Na mtakaoniandikia mwezi ujao, tafadhali, msiniletee "kamera imeharibika" pekee. Niambieni ni lenzi gani, namba ya f ipi, kasi ipi, mlikuwa ndani au nje, na mlipobadilisha kitu kimoja nini kilitokea. Bila hayo nitawajibu kwa kuwauliza hayohayo.